Maswali ya Wasomaji: Ulichosikia Usiku na Ulichodhani Asubuhi

Barua ya kwanza ya juma hili ni ndefu. Nimeifupisha na kuondoa kila kitu kinachoweza kuitambulisha nyumba inayohusika, kwa sababu ambazo msomaji atazielewa akiimaliza.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi nyumba ya kupanga huku Mbagala. Wakati wa masika, mtoto wa miaka mitatu wa mpangaji mwenzetu alikutwa asubuhi amefariki kitandani. Usiku huo alilala na mama yake wa kambo, kwa kuwa baba alikuwa kwenye lindo la usiku. Polisi walikuja, mwili ukapelekwa mochwari, ukachunguzwa, na siku ya pili jioni ukazikwa. Mpaka leo hatujaambiwa kilichomuua.*

*Tuna kundi letu la WhatsApp la wapangaji na majirani, ambalo lilianzishwa kwa ajili ya bili za maji na umeme. Tangu siku ile halina habari nyingine. Tumeliunganisha jambo lote na limekamilika. Kwanza, mtoto alikuwa na povu puani na mdomoni. Pili, waliomwosha wanasema mgongo ulikuwa na alama za zambarau kama za kipigo. Tatu, mama wa kambo hakulia; alikaa mkekani ameshika kichwa akisema kinamuuma, nasi tukajua anaigiza. Nne, wiki ile ile mwenzetu mmoja alimwona dukani akinunua dawa ya panya. Tano, baba aliharakisha mazishi. Mimi mwenyewe usiku ule, kama saa nane, nilisikia mtoto akikohoa au akitapika, kisha mlango ukafunguliwa na kufungwa. Mvua ilikuwa kubwa, hata majiko tulikuwa tumeyaingiza ndani. Nimechora ramani ya vyumba, nimepanga saa kwa saa, na nimerekodi maelezo ya dakika kumi na moja ambayo nasikia yamefika hadi Temeke na Kigamboni. Mwanamke yule amehama baada ya watu kurusha mawe mlangoni kwake. Mume wangu anasema nimekosea, lakini wahenga walisema lisemwalo lipo. Je, dalili hizi hazitoshi? Niende polisi na ramani yangu?*

*Mpangaji, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeona jambo moja ambalo sitaki lipotee katika maneno makali yatakayofuata: uliumia kwa ajili ya mtoto ambaye si wako. Mtaa ambao mtoto anazikwa na kesho yake watu wanaendelea na bili za maji ni mtaa uliokufa, na wa kwenu haujafa. Lakini uchungu wenu mmeutumia kutunga kisa, na kisa hicho sasa kimemhamisha mtu nyumbani kwake. Niliuguza watoto katika wodi za jiji hili kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, na kwa hiyo naomba tuzipitie dalili zako kama ambavyo tungezipitia na daktari.

Povu si saini ya sumu. Mapafu yanapojaa majimaji, hewa iliyobaki huyakoroga na povu hupanda puani na mdomoni. Hali hiyo hutokea kwa aliyezama majini, kwa aliyepata degedege refu, kwa mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu, kwa aliyevuta hewa yenye sumu, na ndiyo, kwa aliyemeza baadhi ya sumu. Daktari akiona povu hujua kwamba mapafu yanahitaji kuangaliwa kwa makini, na hapo ndipo ujuzi unaotokana na povu peke yake unapokomea.

Kuhusu mgongo nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili limewatia watu wengi matatani katika misiba niliyoishuhudia. Moyo ukisimama, damu haina tena kinachoisukuma, nayo hutuama kwa uzito wake katika sehemu za mwili zilizo chini. Aliyelazwa chali atapata rangi ya zambarau mgongoni, kiunoni na nyuma ya miguu. Mahali palipogandamizwa na godoro, kama kwenye mabega na makalio, damu haipiti, hivyo hubaki peupe kiasi. Na mikunjo ya shuka au nyuzi za mkeka zinaweza kuacha mistari ambayo mtu asiyejua ataapa kuwa ni ya fimbo. Rangi hiyo huanza kuonekana ndani ya saa chache, na baada ya kama saa 8 hadi 12 haihami tena hata mwili ukigeuzwa. Waosha waliomwona mtoto siku ya pili waliona, kwa uwezekano mkubwa, kile ambacho wangekiona kwa maiti yeyote aliyelala chali usiku kucha. Daktari anayechunguza maiti huitofautisha na jeraha kwa kukata: damu ya kipigo huwa imevuja na kuingia nyamani, ilhali iliyotuama imo bado ndani ya mishipa. Tofauti hiyo haionekani kwa macho ya mwosha, hata awe na uzoefu wa miaka arobaini.

Niongeze na jambo la watoto walio hai. Wengi wa watoto wetu huzaliwa na madoa ya buluu iliyofifia makalioni na sehemu ya chini ya mgongo, ambayo hupotea polepole wanavyokua. Nimewahi kumwona mama kijana akihojiwa kwa ukali na mhudumu mgeni wa kazi kwa sababu ya doa la namna hiyo, na sitasahau alivyokuwa akitetemeka huku akimfunika mwanawe kwa kanga.

Sasa twende kwenye dalili ya tatu, ambayo nadhani ndiyo iliyobeba nyingine zote: *hakulia*. Mwanangu, nakuomba ukae na kisa cha familia moja ya Australia. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, karibu na jabali kubwa la Uluru, kichanga wa wiki tisa aliyeitwa Azaria Chamberlain alitoweka katika hema la wazazi wake. Mama yake, Lindy, alipiga kelele kwamba dingo, mbwa wa porini wa nchi hiyo, amemchukua mtoto. Uchunguzi wa kwanza wa kifo ulimwamini. Watu hawakumwamini. Walimtazama kwenye televisheni wakaona uso mkavu, wakasema mama aliyefiwa hazungumzi hivyo. Familia ilikuwa ya Wasabato, na kwa kuwa wengi hawakuijua dini hiyo, ukazuka uvumi kwamba jina Azaria maana yake ni kafara ya jangwani, jambo ambalo halikuwa kweli. Wataalamu wakasema wameona damu ya kichanga ndani ya gari lao. Mwaka 1982 Lindy alihukumiwa kifungo cha maisha, akiwa na mimba, na mtoto yule alizaliwa mama akiwa mfungwa. Mwaka 1986 koti dogo la Azaria likaonekana karibu na mapango ya dingo, na yeye akaachiwa. Ile iliyodaiwa kuwa damu, sehemu yake kubwa ilikuja kuonekana kuwa ni dawa ya kuzuia kelele inayopuliziwa magari kiwandani. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na ilipofika mwaka 2012, miaka 32 baada ya kifo, mchunguzi wa vifo akaandika rasmi kwamba mtoto alichukuliwa na dingo, kama mama alivyosema usiku ule ule.

Msiba haulii kwa sauti moja. Nimewaona akina mama waliogaagaa sakafuni, na nimemwona aliyeomba ndoo na ufagio akaanza kudeki wodi. Ukiupima ukweli kwa machozi, utamwachia huru anayejua kulia na utamfunga anayeganda.

Dawa ya panya haina haja ya maneno mengi. Wakati wa masika mitaro hufurika na panya huhamia vyumbani. Wahesabu wapangaji wenzako walionunua dawa hiyo mwezi ule, na ujihesabu wewe pia. Tena dawa ya panya si kitu kimoja: ziko zinazozuia damu kuganda, ambazo huua taratibu kwa siku kadhaa, na ziko zinazoua kwa saa chache. Sampuli zinazochukuliwa wakati wa uchunguzi wa maiti hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuangalia mambo kama hayo, na majibu huchukua muda. Kuchelewa kwa majibu si dalili kwamba mtu amehongwa.

Na mazishi ya siku ya pili jioni, baada ya polisi na daktari kumaliza kazi yao, kwa desturi yetu ya Pwani wala si ya haraka. Ni ya kuchelewa. Baba yule alisubiri kuliko baba wengi ambavyo wangependa kusubiri.

Hapa sasa nataka uone jambo ambalo limenitisha mimi mwenyewe nilipokuwa nikisoma. Katikati ya barua yako, kwa nusu sentensi, umeandika kwamba mvua ilikuwa kubwa hata majiko mkayaingiza ndani. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Hujishika kwenye chembe za damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, hivyo damu huendelea kuzunguka bila kubeba kinachohitajika. Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo huanza kuathirika mapema. Mtu mzima aliyelala chumba hicho hicho anaweza kuamka akitapika, akiwa na kizunguzungu, akili imemchanganyikia, na kichwa kikimuuma vibaya. Umeona? Kichwa mlichosema anakiigiza. Kikohozi au kutapika saa nane. Mlango uliofunguliwa na kufungwa. Povu.

Katika mistari michache nimejenga kisa kingine kabisa, na kimemeza ushahidi wako wote bila kubakiza hata punje; tena kimeieleza hata ile dalili ambayo kisa chako kililazimika kuiita uongo. Je, ndicho kilichotokea? Mimi sikuwepo. Sijaona chumba, sijui kama jiko lilikuwa na moto, sijui dirisha lilikuwaje. Ukikichukua kisa hiki ukakirekodi na kukisambaza, utakuwa umefanya lile lile ulilolifanya kwanza, umebadilisha shtaka tu: jana muuaji, leo mzembe. Kisa kikikubaliana na kila kitu, maana yake ni kwamba aliyekitunga amechagua vizuri vipande vyake. Huo ndio ujuzi wa kutunga, nasi Waswahili tunao kwa wingi, maana tumelelewa kwa hadithi. Daktari, mkemia na mpelelezi wana kitu ambacho mimi na wewe hatuna: wanaweza kukipima kisa na kukikataa. Kaboni monoksaidi hupimwa kwenye damu, hata ya aliyekufa. Povu na machozi havipimwi kundini.

Ramani yako na mpangilio wako wa saa vimenikumbusha nyumba nyingine, ya huko Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1996, mama wa binti wa miaka 6, JonBenét Ramsey, aliwapigia polisi simu akisema mtoto haonekani na kuna barua inayodai fidia ya dola 118,000. Polisi walifika, marafiki wa familia nao wakafika, nyumba ikajaa watu wanaotembea vyumbani na kusafisha jikoni, na saa saba zikapita kabla ya baba kuuona mwili wa mwanawe katika chumba cha chini ya nyumba hiyo hiyo. Aliubeba akaupandisha juu. Kwa mkono wa baba mwenye uchungu, mambo mengi ambayo wataalamu wangeyasoma pale chini yalivurugika. Tangu hapo watu wasiohesabika, ambao hawajawahi kukanyaga Boulder, wamechora ramani ya nyumba ile chumba kwa chumba. Kuna wanaosema mama, kuna wanaosema baba, kuna wanaosema mgeni aliyeingia dirishani, na kuna waliomgeukia kaka wa marehemu, ambaye usiku ule alikuwa mtoto wa miaka 9. Mwaka 1999 wenye mamlaka walisema kaka huyo si mshukiwa. Mwaka 2016 kipindi cha televisheni kikamrudia tena, naye akafungua kesi ya madai ambayo baadaye ilimalizwa kwa makubaliano. Mwaka 2006 mwanamume mmoja alijitokeza akakiri kwamba ndiye aliyekuwa na mtoto alipokufa, na vinasaba vikaonyesha kwamba si vyake. Mama alifariki kwa saratani mwaka huo huo. Miaka miwili baadaye mwendesha mashtaka wa wilaya akaiandikia familia barua ya kuwaondolea shaka na kuwaomba radhi. Kesi hadi leo haina aliyetiwa hatiani. Nadharia zote zile, nyingine zikiwa zimetungwa kwa akili nyingi sana, hazijampa mtoto yule haki hata kidogo, na kijana mmoja amekua mpaka utu uzima akiitwa muuaji na watu wasiomjua.

Kwa hiyo, uende polisi? Nenda. Nenda kesho. Lakini ramani ya nani alifanya nini iache nyumbani. Peleka ulichosikia. Eleza ulilala wapi na mlango huo uko umbali gani. Eleza ulijuaje kuwa ni saa nane: uliangalia simu, au ulisikia kitu kilichokuambia? Sema sauti ilikuwa ya kukohoa au kutapika, na kama huna hakika, sema huna hakika. Hilo nalo ni ushahidi, na mpelelezi mzuri ataliheshimu. Taja majiko na mvua bila kuongeza nini kilisababisha nini. Mwambie pia kwamba mmejadiliana kundini kwa majuma, kwa sababu kumbukumbu za watu wanaozungumza pamoja huchanganyika kama maji ya mifereji miwili. Mtu huanza kukumbuka kwa dhati kitu alichokisikia kwa mwenzake. Maelezo yako yakiandikwa, omba usomewe, na urekebishe kabla ya kutia saini. Aliyeona dawa ya panya ikinunuliwa naye aende mwenyewe, aseme duka gani na siku gani. Usimsemee.

Kuhusu ule ujumbe wa sauti, mume wako yuko sahihi, na nadhani unajua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza taarifa akijua ni za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini sikutishi kwa sheria. Nakuomba urekodi ujumbe mwingine, kwa sauti ile ile wanayoitambua, useme kwamba ulichosema kuhusu mama yule kilikuwa dhana yako, kwamba hujamwona akifanya lolote, na kwamba waliousambaza wa kwanza wausambaze na huu. Hautafika mbali kama ule, najua. Uutume hata hivyo. Kisha umwendee mwenyekiti wa serikali ya mtaa umwombe atafute njia ya kumfikishia mwanamke yule radhi yako, na waliorusha mawe wataje kwa majina, maana hilo uliliona kwa macho.

Ule msemo wa lisemwalo lipo, kwa ukamilifu wake unasema *kama halipo, laja*. Wahenga walituonya tusipuuze mvumo. Hawakuwapa wavumishaji kiti cha hakimu. Ni wahenga hao hao walioacha neno kwamba usilolijua ni usiku wa giza, na kifo cha mtoto huyu, mpaka majibu yatakapotoka, kwangu na kwako ni usiku wa giza.

*Bibi, kaka yangu na mkewe wamezika watoto wawili ndani ya miaka mitatu, mmoja wa miezi minane na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Wote wawili walizidiwa ghafla usiku wakafa kabla ya kufikishwa hospitali. Wazee wanasema mara moja ni bahati mbaya, mara mbili ni mkono wa mtu, na wifi yangu anatazamwa kama mchawi. Kikao cha ukoo ni Jumapili hii. Nifanyeje?*

*Shangazi mtu, Gongo la Mboto*

Ukiweza, kiahirishe kikao. Usipoweza, kiingie na hesabu ifuatayo. Nchini Uingereza, mwanasheria aliyeitwa Sally Clark alifiwa na wanawe wawili wachanga, mmoja mwaka 1996 na wa pili mwaka 1998. Mahakamani daktari bingwa alisema uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni mmoja kati ya milioni 73, na mwaka 1999 mama akafungwa maisha. Namba hiyo ilipatikana kwa kuchukua uwezekano wa kifo kimoja na kuuzidisha kwa wenyewe, kana kwamba watoto wale walikuwa watu baki wasiohusiana. Chama cha wanatakwimu cha nchi hiyo kililalamika hadharani. Tena ikagundulika kwamba majibu ya maabara yaliyoonyesha vijidudu katika mwili wa mtoto wa pili hayakuwa yamewekwa wazi. Aliachiwa mwaka 2003, na miaka minne baadaye akafariki, akiwa hajapona kile alichotendewa.

Watoto wa tumbo moja hugawana damu, hugawana nyumba na hugawana maji ya kunywa. Kwa hiyo kifo cha kwanza, badala ya kukifanya cha pili kiwe cha ajabu, mara nyingi ndicho kinachokitabiri. Huko Australia, mama aliyeitwa Kathleen Folbigg alikaa jela miaka 20 kwa vifo vya watoto wake wanne, mpaka wanasayansi walipoonyesha kwamba mabinti zake wawili walirithi hitilafu ya jeni iitwayo CALM2 inayoweza kuusimamisha moyo ghafla. Alisamehewa mwaka 2023, na hukumu yake ikafutwa mwaka huo huo.

Hapa kwetu sina haja ya kwenda kwenye jeni za nadra. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, wakiwa wazima kabisa wa afya, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne kumpata mtoto mgonjwa. Dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi sita, na moja ya hatari zake kubwa kwa mtoto mdogo ni bandama kuvimba na kunyonya damu ya mwili kwa saa chache, mtoto akapauka na kufa usiku mmoja. Simwambii mtu kwamba ndicho kilichowaua watoto wa kaka yako. Nasema kuna kipimo cha damu cha wazazi, na kipimo hicho kifanyike kabla ya mzee yeyote kufungua mdomo Jumapili. Wachukue kadi za kliniki za watoto wote wawili, hata zilizochakaa, wazipeleke kwa daktari. Na waulizwe kama kuna mtoto wa ukoo, wa upande wowote, aliyewahi kufa akiwa amepauka au akilia maumivu ya mifupa. Swali hilo mara nyingi wazee ndio wanaojua jibu lake, hivyo kikao kinaweza kuwa na faida.

Kama yupo mwenye jambo alilolishuhudia dhidi ya wifi yako, alipeleke polisi. Anayemwita mchawi akumbushwe kwamba Sheria ya Uchawi inamtia hatiani anayemtaja mtu kuwa mchawi nje ya vyombo vinavyohusika, na kwamba mama huyo anayetajwa ametoka makaburini mara mbili.

*Shikamoo. Mtoto wa jirani, miaka kama mitano, namwona na majeraha mapya kila baada ya siku chache, na majeraha ya zamani hayajapona. Wanasema anaanguka. Naogopa kuwa kama hao wanaozusha. Nisubiri nipate uhakika?*

*Manzese*

Usisubiri. Mtoto huyu yu hai, na hilo linabadilisha kila kitu nilichokiandika hapo juu. Majeraha ya umri tofauti katika mwili mmoja, na maelezo ambayo hayalingani nayo, ni mambo ambayo hata sisi wauguzi tulifundishwa kuyaripoti bila kungoja uthibitisho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayetendewa vibaya azifikishe kwa serikali ya mtaa. Uthibitisho ni kazi ya wengine. Usiandike kundini, usimhoji mama yake kibarazani, usimpige mtoto picha. Nenda kwa mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa jamii wa kata, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, ambayo haikatwi salio. Sema umeona majeraha gani, sehemu gani ya mwili, siku zipi. Barua yako imenifikia Alhamisi. Ukiisoma safu hii kabla hujapiga, weka gazeti chini upige kwanza.